Bati Lile Lile: Joto la Nyumba Huenda Wapi?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi hata wino ukachoka. Tumeitumia kwa mtoto asiyeonywa, kwa mgonjwa aliyechelewa kwenda hospitalini, na kwa mwanafunzi aliyepuuza hesabu. Lakini hebu nikuulize, mpenzi msomaji: ni nani kati yetu amewahi kuitumia kwa ufa wenyewe, ule ulio ukutani mwao, unaopitisha upepo usiku kucha? Makala haya yanahusu ufa huo, na zaidi ya ufa, yanahusu paa lililo juu yake.

Sisi wa Nyahururu hatuhitaji kufundishwa baridi. Mji wetu uko karibu sana na mstari wa ikweta, na mgeni akisikia hivyo huja na shati la mikono mifupi. Lakini wapi! Tuko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000 hewa hupungua joto kwa nyuzi sita hivi. Julai ni mwezi wa mawingu na manyunyu, jua huwa tunalisikia tu. Januari nayo ina hila zake: mchana jua kali, usiku anga safi, na kule Kinangop wakulima huamka wakakuta viazi vimeunguzwa na sakitu, ule unga mweupe wa barafu unaolala juu ya majani.

Baridi ikizidi, kila boma hufanya jambo moja: huongeza makaa. Jiko likipungua moto, linaongezwa. Debe likiisha, linanunuliwa lingine. Swali langu ni hili, na nakuomba ulifikirie kabla ya kuendelea: makaa yote hayo tunampashia nani joto?

Tuchukue kalamu. Wenzangu wa kidato cha tatu tayari wameshasoma wingi wa joto, na wale wa chini watufuate polepole, hesabu yenyewe ni kuzidisha tu. Chukua chumba cha kawaida cha kupanga, urefu mita 4, upana mita 3, kimo mita 2.5. Ujazo wake ni mita 30 za ujazo. Hewa ya huku kwetu juu haifiki kilo moja kwa kila mita ya ujazo, lakini tuseme ni kilo moja ili hesabu iwe nyepesi. Basi chumbani mna kilo 30 za hewa. Kilo moja ya hewa huhitaji takriban jouli 1,000 ili ipande joto kwa nyuzi 1. Tukitaka kuipandisha kwa nyuzi 10, yaani kutoka baridi ya kutetemesha meno hadi hali ya kukaa na sweta jepesi, tunazidisha 30 kwa 1,000 kwa 10. Jibu ni jouli 300,000.

Sasa, kilo moja ya makaa mazuri ina takriban jouli milioni 30. Gawanya mwenyewe. Joto la kupasha hewa yote ya chumba kile linapatikana katika gramu 10 za makaa! Gramu 10 ni kipande cha ukubwa wa kidole gumba.

Najua kuna atakayesimama na kupinga, hasa wale wa safu ya mbele, kwamba kuta, kitanda na viti navyo vinakunywa joto. Ni kweli, na hewa baridi pia huingia kila mlango unapofunguliwa. Zidisha basi hizo gramu mara kumi. Bado hujafika robo ya kilo. Lakini sisi nyumbani tulikuwa tukichoma zaidi ya kilo nzima kila jioni ya Julai, na saa mbili baada ya jiko kutolewa nje chumba kilikuwa baridi kama kisima. Joto lote hilo lilikuwa likienda mahali fulani. Lilikuwa likitoka nje.

Joto lina njia tatu za kutoroka. (Fizikia tunafundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo hapa nitaeleza kwa maneno ya kawaida kuliko kukutungia istilahi ambazo hazimo vitabuni.) Njia ya kwanza ni kupita ndani ya kitu kigumu, kama linavyopanda katika mwiko wa chuma uliosahauliwa ndani ya sufuria. Ya pili ni kubebwa na hewa au maji: hewa moto huwa nyepesi, hupanda juu, na baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Ya tatu ni kwa miale, jinsi jua linavyotufikia bila kugusa chochote katikati.

Bati, msomaji, linazipenda zote tatu. Hewa moto ya jiko hupanda moja kwa moja hadi kwenye bati. Bati ni chuma, tena chuma ambacho unene wake haufiki nusu milimita, kwa hiyo joto hulivuka kana kwamba hapana kitu. Likishafika upande wa juu, upepo hulizoa, na bati lenyewe humwaga miale kuelekea angani. Usiku wa anga safi miale hiyo huenda na haina wa kuirudisha, ndiyo maana bati linaweza kuwa baridi hata kuliko hewa ya nje iliyolizunguka. Usiku wenye mawingu huwa na nafuu kidogo kwa sababu mawingu hurudisha sehemu ya joto chini, kama blanketi.

Ukitaka ushahidi, tazama juu kitandani mwako saa kumi na moja alfajiri. Wanaolala chini ya mabati matupu wanaijua ile mvua ya ndani. Pumzi za watu waliolala zina mvuke, mvuke ukigusa bati baridi hugeuka maji, na matone yanakuangukia usoni. Sisi husema bati linatoa jasho. Jasho hilo ni risiti ya joto lililokwenda.

Nyanya yangu hupenda kusema kwamba nyumba za zamani, za udongo na nyasi, zilikuwa na joto kuliko hizi zetu za kisasa. Kwa habari ya joto anasema kweli, wala si mazoea ya wazee kusifu ya kale. Nyasi zilizoezekwa kwa unene zina hewa iliyonaswa katikati ya majani, na hewa isiyosogea ni kizuizi bora cha joto. Ndiyo siri ya blanketi, ya sweta, na ya manyoya ya kuku anapojitutumua asubuhi. Lakini tusimsahaulishe Nyanya moshi uliomtoa machozi miaka yote ile, wala hatari ya moto, wala kazi ya kuezeka upya. Hakuna anayerudi kwenye nyasi. Tunachotaka ni kurudisha ile hewa iliyonaswa.

Hapa sina budi kusimulia jambo la kuhuzunisha. Julai 2024, katika ploti yetu, kijana mmoja mpangaji aliingiza jiko chumbani usiku, akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa gunia. Asubuhi hakutoka. Majirani walivunja kitasa wakamkuta amezirai, midomo ikitoa povu. Alipona, Mungu ni mkubwa, lakini alilazwa siku kadhaa, na kwa muda mrefu baadaye alikuwa akisahau hata mambo ya jana yake. Si wote wanaopona. Kila msimu wa baridi tunasikia redioni habari za familia iliyokutwa imelala moja kwa moja.

Sababu ni gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Makaa yanapoungua bila hewa ya kutosha huitoa kwa wingi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu ikishajaa gesi hiyo haina nafasi ya kubeba hewa safi. Mtu huumwa na kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mtamu. Huo usingizi ndio mtego.

Kuna imani mbili ambazo nimezisikia mara nyingi mtaani, na zote mbili zinaua. Ya kwanza husema kwamba jiko likiwashwa nje hadi moshi uishe na makaa yawe mekundu, basi ni salama kulala nalo. Sivyo. Moshi ukiisha gesi haijaisha, makaa mekundu yanaitoa bila moshi wowote. Ya pili husema uweke sufuria ya maji juu ya jiko, ati maji yatainywa sumu. Gesi hii haiyeyuki katika maji kiasi cha kukuokoa. Hata jiko lenye kauri ndani, lile lililobuniwa hapa Kenya mapema katika miaka ya 1980 na ambalo hupunguza makaa kweli, haliruhusiwi chumbani mwa kulala. Kupunguza makaa ni jambo moja, na sumu ni jambo lingine.

Baada ya mkasa huo Mama alipiga marufuku: jiko halilali ndani. Nyanya, ambaye miguu humuuma wakati wa baridi, hakufurahi hata kidogo.

"Mwanangu, unataka nife kwa baridi?"

"Sitaki ufe kwa baridi, Mama. Wala sitaki ufe kwa jiko."

Wote wawili walinyamaza, kisha wakanitazama mimi mwenye vitabu vya fizikia. Nikaona hapa hakuna mchezo.

Nyumba yetu ni ya mbao na mabati, kama nyingi za huku, na haikuwa na dari. Nilianza kwa kupima. Mwalimu wetu wa fizikia aliniruhusu kuazima kipimajoto mwisho wa juma, kwa sharti kwamba kikivunjika nitakilipa. Kwa kuwa usiku mmoja haufanani na mwingine, nilipima ndani na nje pia, saa kumi na moja alfajiri. Chumba cha Nyanya kilizidi nje kwa nyuzi 3 tu. Nyuzi 3! Ni kama alikuwa amelala barazani, ila tu hakunyeshewa.

Kazi ya kwanza ilikuwa dari. Bao la dari lilikuwa ghali, kwa hiyo tulinunua magunia makuukuu ya katani, tukayafua, tukayashona pamoja na kuyakaza kwa misumari chini ya boriti za paa. Juu yake tukatandaza katoni za dukani, zilizofunguliwa zikawa bapa. Katikati ya katoni na bati ikabaki hewa iliyotulia. Jambo moja la kuangalia: gunia na katoni ni chakula cha moto. Koroboi na mshumaa viwe mbali, na mtungi wa gesi usiwashwe chini ya dari kama hiyo. Sisi hupikia katika jikoni iliyo kando.

Kazi ya pili ilikuwa nyufa. Namna ya kuzitafuta ni rahisi. Ngoja usiku wenye upepo, lowesha mgongo wa mkono, upitishe polepole kandokando ya mbao, madirisha na mlango. Penye ufa utasikia baridi kama sindano. Tuliziba kwa magazeti yaliyolowekwa katika gundi ya unga wa ngano, na chini ya mlango tukaweka mfuko mrefu wa kitambaa uliojazwa vumbi la mbao. Lakini tuliacha matundu mawili juu ya dirisha, wazi kabisa, usiku na mchana. Watu wanaolala wanahitaji hewa, na chumba kilichozibwa kama chupa hukusanya unyevu, ukungu wa kuta na magonjwa ya kifua. Kuziba ufa si kuziba pua.

Wiki iliyofuata nilipima tena. Tofauti kati ya ndani na nje ilikuwa nyuzi 5, na siku moja ilifika 6. Hakuna jiko lililolala ndani, ni joto la miili ya watu na la jioni tu. Na bati likaacha kutoa jasho juu ya kitanda.

Nyanya bado alisema miguu ni baridi. Basi tukaacha kupasha chumba tukapasha Nyanya. Hebu tuhesabu tena. Jerikeni ndogo yenye lita 2 za maji ya nyuzi 60, iliyofungwa vizuri na kuvingirishwa ndani ya sweta kuukuu, ikiwekwa miguuni na kupoa hadi nyuzi 35, hutoa 2 kwa 4,200 kwa 25, yaani jouli 210,000. Hiyo ni zaidi kidogo ya theluthi mbili ya joto tulilohesabu kwa hewa ya chumba kizima, na yote iko chini ya blanketi, mahali inapotakiwa. Maji yawe ya moto lakini yasiwe ya kuchemka, kwa maana plastiki hulegea na ngozi ya mzee huungua upesi. Tukaweka na katoni mbili chini ya godoro, kwa sababu godoro likikandamizwa na mwili hubaki jembamba na baridi hupanda kutoka chini. Soksi na kofia ya sufu alikuwa nazo tangu zamani, ila kofia alikuwa akiiweka ya kanisani.

Zamani debe la makaa lilikuwa likitufikisha wiki moja wakati wa baridi. Sasa linatufikisha siku kumi. Sehemu ya akiba hiyo, niseme ukweli, ni ya kapu. Mama huchemsha githeri kwa muda, kisha huitia sufuria ikiwa bado inatokota ndani ya kapu lililojazwa matambara, akalifunika, na githeri ikaendelea kujiiva yenyewe bila moto. Ni hewa iliyonaswa tena.

Wenye uwezo hununua hita ya umeme. Siwalaumu, haina sumu. Lakini hita ya wati 2,000 ikiwaka kwa saa 4 imekula yuniti 8. Balbu ya LED ya wati 9, ikiwaka saa 4 kila usiku, ingekula yuniti hizo hizo 8 kwa zaidi ya miezi saba. Hita chini ya bati tupu ni kuteka maji kwa pakacha.

Nilisema bati lile lile, na hadi sasa nimelishtaki kwa baridi tu. Desemba 2024 nilikwenda Mombasa kwa shangazi yangu, anayepanga Kisauni, nikalikuta bati lile lile likifanya kosa la kinyume. Saa saba mchana nyumba yake haikaliki. Bati lake limeshika kutu, na bati lenye kutu hunyonya jua kuliko bati jipya linalong'aa. Joto huvuka, kisha hushuka kwa miale juu ya vichwa. Ukisimama wima utosi unaungua, ukikaa sakafuni unapata nafuu kidogo. Feni inazunguka, lakini inazungusha hewa ya tanuri.

Siku moja shangazi alinipeleka Mji wa Kale kumsalimia rafiki yake. Jua lilikuwa lile lile, lakini tulipovuka kizingiti nilihisi kana kwamba mtu amefungua mtungi. Nyumba haikuwa na kiyoyozi. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kuliko urefu wa rula yangu. Ukuta kama huo hunywa joto polepole sana, na kabla halijafika ndani jua limekwisha tua. Rangi yake nyeupe hurudisha mwanga. Vichochoro ni vyembamba, nyumba moja inaipa nyingine kivuli. Lamu, ambayo nimeisoma tu na sijafika, imejengwa kwa ujuzi huo huo, na mwaka 2001 mji huo uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Wajenzi wale hawakuwa na yuniti za kununua, kwa hiyo walifikiria kabla ya kujenga.

Shangazi hawezi kuhamia Mji wa Kale, kodi ya huko haishikiki. Anachoweza ni yale yale tuliyofanya sisi, yakigeuzwa kidogo. Dari ni ya kwanza, kwa sababu dari haijui kama joto linapanda au linashuka, yenyewe inazuia tu. Bati lipakwe nyeupe juu. Pawe na matundu pembeni chini ya paa ili hewa moto itoke, na mwarobaini upande wa magharibi ambako jua la jioni hupiga ukuta. Madirisha usiku yawe wazi, yenye wavu wa mbu. Na feni ni bora kuliko wanavyoidharau: hula wati 60 hivi, wakati kiyoyozi kidogo hula wati 1,000 hivi. Ila feni haipozi chumba, hupoza ngozi yenye jasho, kwa hiyo kuiacha ikizunguka katika chumba kisicho na mtu ni kumpepea kiti.

Niliyaandika haya yote katika karatasi nikamwachia. Juzi alinipigia simu. Mwenye nyumba amekataa habari ya dari, anasema wapangaji waliotangulia hawakuidai. Rangi nyeupe amekubali, mradi anunue mpangaji. Shangazi anataka gharama hiyo ikatwe kwenye kodi, na wakati ninaandika haya bado wanabishana.